Safari ya Siku Moja Kwenda Ziwa Magadi

Mwenzangu mmoja tunayefanya kazi naye ofisini hapa Kajiado alikwenda Naivasha kwa arusi ya binamu yake, na aliporudi hakutupa raha. Kwa siku tatu nzima hatukusikia jingine ila habari za Naivasha: ziwa lenye viboko, maua yanayopelekwa Ulaya kwa ndege, na zaidi ya yote mizabibu. Alisema kwamba karibu na ziwa lile zabibu zimelimwa na kukamuliwa divai, na divai yenyewe imepewa jina la Leleshwa, yaani kile kichaka cha majani ya kijivu kinachoota kwa wingi katika Bonde la Ufa. Hayo ni kweli, wala mimi siyapingi. Wenzetu wa Dodoma nao wana mizabibu yao, wakakamua divai tangu zamani za mapadre wa misheni. Lakini alipokwisha kusifu akanigeukia mbele ya makarani wote akaniuliza, “Na ziwa lenu la Kajiado, bwana, linatoa nini?”

Nikajibu upesi kwamba linatoa magadi. Akacheka sana. Akasema magadi ni kitu cha kulainishia maharagwe na kutilia ugoro, nani atakayepanda gari kwenda kuyatazama? Wengine nao wakacheka. Nikanyamaza, si kwa kukosa neno bali kwa aibu. Nimekaa Kitengela tangu utoto wangu, nimefanya kazi Kajiado miaka tisa, nimeandika jina la Magadi katika barua za serikali mara nisizoweza kuzihesabu, wala sikupata kuliona ziwa lenyewe hata siku moja.

Tena palikuwa na sababu nyingine ambayo sikupenda kuitaja ofisini. Baba yangu alifanya kazi Magadi katika ujana wake, tangu mwaka 1972 hata 1980, akipakia magadi katika mabehewa ya reli. Huko ndiko alikozaliwa dada yangu wa kwanza, na huko ndiko alikokufa kwa surua mwaka 1979, umri wake miaka mitatu, akazikwa. Mimi sikumjua, maana nilizaliwa baadaye, wazee walipokwisha kuhamia Kitengela. Nyumbani kwetu jina lake halikutajwa mara nyingi. Mwaka huu daktari wa macho alimwambia Baba kwamba ana ugonjwa wa presha ya macho, na ya kuwa nuru iliyokwisha kupotea hairudi, illa dawa zaweza kuilinda ile iliyosalia. Baba hakusema neno siku ile. Jioni ya pili yake akaniambia, “Mwanangu, nipeleke Magadi ningali ninaona.”

Basi nikamwendea fundi wa saruji hapa Kitengela, akanitengenezea kibao kidogo chenye jina la dada yangu na miaka yake miwili, wa kuzaliwa na wa kufa. Nikakifunga katika gunia. Mama tulimwomba tufuatane naye, akakataa. Alitupa chupa ya chai na viazi vitamu vya kuchemsha, akasema magoti yake hayawezi safari ndefu.

Tuliondoka siku ya Jumamosi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, katika gari aina ya Probox la kijana jirani yetu aliyekubali kutuendesha kwa bei ya kirafiki. Msomaji aliyepita Kitengela miaka thelathini iliyopita hawezi kuitambua leo. Zamani ilikuwa mbuga tupu, na wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyowekwa mwaka 1946, walitoka humo wakati wa mvua wakashuka kusini kufuata majani mabichi: nyumbu, punda milia, na simba nyuma yao. Nikiwa mtoto nimewaona pundamilia nyuma ya nyumba yetu. Sasa ni ua juu ya ua na bango juu ya bango la viwanja vinauzwa. Mimi ni karani, na hati za viwanja hivyo hupita mezani pangu, kwa hiyo nisijifanye mtu asiyehusika.

Kutoka Kitengela barabara ya Namanga huelekea kusini hadi Isinya. Anayenyoosha hufika Kajiado, mji mkuu wa kaunti yetu, nami njia hiyo hupita kila siku ya kazi. Siku ile tulipinda kulia pale Isinya tukashika barabara ya lami iendayo Kiserian. Baba aliinua kichwa akauliza kwa nini hatupiti Kajiado, maana yeye zama zake alikwenda kwa gari moshi. Jambo hili wengi hawalijui: mji wa Kajiado umekaa juu ya njia ya reli iliyojengwa kwa ajili ya Ziwa Magadi. Kampuni ya kuchimba magadi iliundwa mwaka 1911, na tawi la reli kutoka Konza, kupitia Kajiado hadi ziwani, urefu wa karibu kilomita 150, likakamilika mwaka 1915, vita vikuu vya kwanza vikiwa vimekwisha kuanza. Njia hiyo ilikatwa katika nchi ya Wamaasai, ambao ardhi yao ilikuwa imekwisha kupunguzwa kwa mapatano ya mwaka 1904 na ya 1911. Wazee wao hawajaacha kuyasema mapatano hayo mpaka leo, na akaaye katika ofisi za Kajiado atayasikia mara nyingi kuliko mara moja.

Kiserian tulikunywa chai, tukajaza petroli na kununua maji ya kunywa. Namshauri kila mtu afanye vivyo hivyo, maana mbele maduka ni machache na jua halina huruma. Kutoka hapo hadi ziwani ni zaidi ya kilomita 80, na karibu njia yote ni kuteremka. Kwanza utafika pahali paitwapo Corner Baridi, penye upepo wa milima ya Ngong unaopenya mpaka mifupani. Baba alijifunga koti lake. Toka pale macho yanaona Bonde la Ufa lote limetandikwa chini, ngazi baada ya ngazi, kama mikeka iliyowekwa moja juu ya nyingine. Ziwa Magadi li mita 600 hivi tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo msafiri hushuka zaidi ya mita elfu moja katika safari ya saa mbili. Baada ya nusu saa Baba alilivua koti. Baada ya saa nzima dereva alikuwa amefungua vioo vyote, na upepo ulioingia ulikuwa kama wa mdomo wa tanuri.

Tulisimama kidogo Olorgesailie ili Baba anyooshe miguu. Pahali hapa panatunzwa na Makumbusho ya Taifa, na sifa zake zimefika dunia nzima. Mwaka 1942 Louis Leakey na mkewe Mary walianza kuchimba hapa, wakakuta mashoka ya mawe kwa mamia yametapakaa juu ya ardhi, na mengi yameachwa palepale yalipookotwa. Mgeni hupita juu ya daraja la mbao akayatazama. Watu wa kale waliyachonga kando ya ziwa ambalo sasa halipo. Lililobaki ni udongo mweupe mwepesi kama unga wa ngano, ambao ni mabaki ya viumbe wadogo sana wa majini. Kijana aliyetuongoza alitueleza pia kwamba watu waliokuja baadaye, yapata miaka laki tatu iliyopita, walitumia visu vya mawe meusi yang'aayo, yaani kioo kilichotengenezwa na moto wa volkeno, nao waliyaleta kutoka mbali, makumi ya kilomita. Habari ya kioo ikanikaa moyoni, na sababu yake nitaieleza.

Yapata saa nne na nusu tukaliona ziwa. Nilidhani nitaona maji. Niliona uwanda mweupe mkubwa, kama mtu aliyemwaga chokaa juu ya nchi, na hapa na pale madoa ya rangi ya waridi, ambayo hufanywa na vijidudu vidogo vinavyopenda maji ya chumvi kali. Maji yapo, lakini kwa sehemu kubwa ni haba, na chini yake kuna magadi yaliyoganda, unene wake mahali pengine ukifika mita 40. Ziwa hili, lenye eneo la kilomita za mraba 100 hivi, halina mto unaotoka. Chemchemi za moto huleta maji yenye magadi kutoka ardhini, jua huyakausha, magadi hubaki. Ndiyo sababu huchimbwa miaka zaidi ya mia wala hayajakwisha.

Katika kizuizi cha kuingilia mjini askari aliandika majina yetu. Baba alimwambia, “Mimi nilikuwa mtu wa hapa.” Yule kijana akasimama wima akamwamkia kwa heshima, akamwita Mzee, akainua mti wa kizuizi mara moja.

Magadi ni mji uliojengwa kwa ajili ya kazi moja. Nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali, kiwanda na reli, vyote vimekaa kando ya ule weupe, na maji matamu huletwa kwa mabomba kutoka upande wa milima ya Nguruman. Kampuni yenyewe imebadilisha wenyewe mara kadhaa. Mwaka 1924 iliingia mikononi mwa Brunner Mond ya Uingereza, na tangu mwaka 2005 imekuwa ya Tata Chemicals ya Bara Hindi. Kazi hufanywa hivi: chombo kikubwa kinachoelea hukata magadi ghafi ziwani na kuyasaga, hayo husukumwa pamoja na maji kwa mabomba hadi kiwandani, huko huoshwa, kisha hutiwa katika tanuri yenye moto mkali, maji na hewa ya kaboni hutoka, ukabaki unga mweupe. Unga huo hupelekwa Mombasa na kuvuka bahari.

Na hutumiwa kwa nini? Hapa ndipo nilipopata jibu la kumpa mwenzangu wa Naivasha. Hutumiwa katika kutengeneza sabuni za unga, na hasa katika kutengeneza kioo. Mchanga peke yake hauyeyuki mpaka joto lifike kama digrii 1,700, na kupata moto wa namna hiyo ni gharama kubwa. Ukitiwa magadi huyeyuka kwa joto pungufu sana, kisha huongezwa chokaa ili kioo kisije kikalainika majini. Kwa hiyo madirisha ya nyumba zetu, gilasi za mezani, na hata chupa inayotiwa divai, havifanyiki kwa kawaida bila magadi. Sisemi kwamba kila chupa ya divai ina magadi ya Kajiado ndani yake, kwa kuwa yako mengine duniani. Lakini huko kwetu, katika mbuga ya Kitengela upande wa mto Mbagathi, kuna karakana mashuhuri ambayo mafundi wake hukusanya vioo vilivyovunjika, wakaviyeyusha na kuvipuliza kwa pumzi kuwa gilasi na vyombo vya rangi, na wageni huja kutoka mbali kuvinunua. Nimepita mara nyingi karibu na karakana ile wala sikupata kuwaza kwamba mawe ya kazi yake na kazi ya Baba ni ya ukoo mmoja.

Tulivuka tuta lililojengwa kupita katikati ya ziwa tukaenda mpaka chemchemi za moto upande wa kusini. Heroe, ambao wengi huku huwaita flamingo, walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja mmoja. Baba alisimulia habari aliyoikuta kwa wenyeji alipofika, ya mwaka 1962, ambapo ndege hao walitaga hapa kwa wingi, na magadi yakagandamana katika miguu ya vifaranga kama pingu, hata watu wakaingia ziwani kuwavunjia pingu hizo, maelfu kwa maelfu. Katika maji ya chemchemi, ambayo mkono wangu haukuweza kuyavumilia kwa muda mrefu, tuliona samaki wadogo wa jamii ya ngege wakiogelea bila wasiwasi. Wataalamu wamewachunguza sana samaki hawa. Samaki wengi hutoa uchafu wa mwili kwa namna ya amonia, lakini maji ya magadi hayaruhusu, basi hawa hutoa yurea, kama iliyomo katika mkojo wa mwanadamu. Baba hakuweza kuwaona. Alichuchumaa ukingoni kwa muda, akaniuliza, “Wapo?” Nikamwambia wapo. Akasema, “Zamani walikuwapo vilevile.”

Saa nane, jua likiwa kali kabisa, tulikwenda makaburini.

Baba alikuwa ameniambia njiani kwamba hatapotea. Kaburi lilikuwa katika safu ya watoto, limezungukwa kwa mawe meusi aliyoyapanga yeye mwenyewe, na ukisimama miguuni pake uliona reli upande wa kushoto. Tulipofika tulikuta duara nyingi za mawe meusi. Nyingine zimetawanyika, nyingine zimeota vichaka, na vibao vya mbao vya zamani, kama vilikuwapo, vimekwisha kuliwa na mchwa na chumvi. Majengo mapya yalikuwa yamefunika upande wa reli. Baba alitembea kutoka duara moja mpaka jingine, akiinama na kuyagusa mawe. Nilimfuata na gunia begani. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbuzi wake alikuja kutusaidia kutafuta, lakini yeye alihamia pale katika miaka ya 1990 wala hakujua lolote.

Baada ya muda nikaona Baba amechoka. Nikamwambia kwa upole kwamba hapana neno, tuchague duara moja lililo karibu na mahali anapopakumbuka, tukiweke kibao, Mungu anajua. Kwa kweli nilisema hayo kwa kuwa mimi ni mtu wa ofisi, na mtu wa ofisi hupenda jambo lipate kuandikwa mahali na faili lifungwe.

Baba alinitazama. Akasema, “Na huyu aliyelala hapa hana baba? Siwezi kumwekea mtoto wa mwenzangu jina la mtoto wangu.”

Sikuwa na jibu. Yule mzee wa mbuzi akatikisa kichwa polepole, akasema kwamba Mzee amesema sawa. Tukasimama hapo watatu. Baba akavua kofia akaomba kwa kilugha cha kwetu, kwa sauti ndogo, na nilisikia kwamba hakumwombea dada yangu peke yake bali wote waliokuwa katika safu ile. Kisha akavaa kofia akasema twende, giza lisitukute njiani. Nikalirudisha gunia garini.

Kabla ya kuuacha mji aliomba tusimame ukingoni, akashuka akaokota bonge la magadi lenye ukubwa wa ngumi mbili, akalifunga katika kitambaa chake.

Dereva wetu ni kijana mwenye moyo mwema, na kwa kuwa aliona hakuna anayezungumza, akafungua redio ikaimba nyimbo za furaha. Nikakumbuka darasa letu la sayansi katika shule ya misheni. Mwalimu wetu alimimina siki, ambayo asili yake ni divai iliyochacha, juu ya kipande cha magadi, ikafoka povu mpaka ikamwagika mezani, sisi wanafunzi tukashangilia. Kisha akatuonyesha katika kitabu cha Mithali kwamba jambo hilo lilijulikana tangu kale, maana mwenye hekima amelifananisha na kumwimbia nyimbo mtu aliye na huzuni. Wakati ule tuliona ni ajabu tu ya sayansi. Nikamgusa dereva bega ili azime. Lakini Baba, aliyekuwa amefumba macho nyuma yetu, akasema, “Mwache, wimbo huu naupenda.” Basi redio ikaimba mpaka Olorgesailie, ambako mawimbi yake yalikatika.

Corner Baridi Baba alilivaa tena koti lake. Tulifika Kitengela saa mbili usiku, vumbi jeupe likiwa katika nywele zetu. Mama alikuwa amekaa mlangoni. Aliona gunia likishushwa, akajua kwa uzito wake kwamba lilikuwa bado na kilichokuwa ndani. Hakuuliza habari za kaburi. Alimuuliza Baba, “Ziwa lingali jeupe?”

“Lingali,” akasema Baba, akampa kile kitambaa.

Mama alilifungua lile bonge, akavunja kipande kidogo kwa mchi akakitia katika maharagwe yaliyokuwa jikoni, na lililobaki akaliweka juu ya kabati, mahali anapoweka vyombo vya wageni. Kibao cha saruji kimeegemezwa ukutani chini ya dirisha lao, na asubuhi anapofagia hukifagilia pia.